Swali Moja kwa Kila Sikio

Kwenu husemwa kuuliza si ujinga. Kwetu kuuliza ni sikio. Anayekanyaga mkeka wa swali katika uwanja wa Mkuu huuliza mara moja tu maishani, na akishauliza hukatwa ncha ya sikio la kulia kwa mkasi wa kukatia ngozi, asije akajisahau akarudi tena. Nyumbani unaweza kuuliza chumvi iko wapi mpaka uchoke. Hayo ni maneno tu. Swali la mkekani ndilo lenye jibu, na jibu lake likitoka halirudishwi, hata kama mwenye kosa atasimama uchi na kupiga kelele kwamba amekosea yeye.

Mimi Mashavu nilikuwa mshika saa wa uwanja huo. Kazi yangu ilikuwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, linaloelea kwenye karai la maji. Maji huingia taratibu, na baada ya dakika ishirini na nne bakuli huzama. Nalitoa, nalielesha tena, naandika. Ikifika saa kamili napiga kengele kwa nyundo. Jiji zima lilikula kwa mkono wangu, lililala kwa mkono wangu, na watu walichinjwa kwa mkono wangu, maana swali bila dakika yake halina anga ya kusomwa na wanajimu, na dakika nilikuwa nayo mimi. Nilijiona mtu mkubwa sana. Sasa nacheka.

Jua letu ni moja lakini kila mtu ana vivuli viwili. Kimoja kinalala pale jua linapokitupa. Cha pili kinalala pembeni yake, digrii ishirini na nne kushoto, chembamba zaidi, na hakuna anayejua kinatupwa na nini. Watoto huzaliwa wakivishangaa, wazee hufa wakivigombea. Maalim Zaidi, mnajimu wa elimu ya Magharibi, alifundisha kwamba kivuli cha kwanza ndicho cha kweli. Anga yake huanza kuhesabiwa pale jua linaposimama siku ambayo mchana na usiku hulingana. Hapo ndipo mwanzo wa burji ya Hamali, hata kama nyota za huyo kondoo zilikwisha kuhama zamani na kuacha nyumba tupu. Bi Revati, mnajimu wa elimu ya Veda, alifundisha kivuli cha pili. Yeye alihesabu kutoka kwenye nyota zenyewe, zilipo leo, kwa sababu, alisema, huwezi kumsalimia mtu kupitia mlango aliohama. Katikati ya hesabu zao kuna hizo digrii ishirini na nne, na pengo linakua digrii moja kila umri wa mtu mmoja. Kwa Maalim mimi nimezaliwa burji ya Mizani. Kwa Bi Revati mimi ni Mashuke. Nimewahi kukaa peke yangu na karai langu nikijiuliza nani kati ya hao wawili anasikia njaa, na nani anaogopa.

Watu wamekufa kwa jambo hilo. Mtaa wa Majira, wafuasi wa Maalim, na mtaa wa Nyota, wafuasi wa Bi Revati, walichinjana miaka mitatu. Walikata miguu ya watu kufuata mstari wa kivuli walichokikataa. Mama yetu alikufa huko, akiwa amebeba ndoo ya maji ambayo haikuwa na mtaa. Vita vilipoisha wote walikubaliana jambo moja tu: Maalim Zaidi bado ana sikio zima. Hajauliza. Siku ya kufa kwake atakanyaga mkeka na kuuliza anga ipi ni ya kweli, na jibu litawanyamazisha wote, waliokufa na waliobaki. Kwa ajili ya swali hilo alifunga kilemba juu ya masikio yake kama mtu anayefunika chungu, na jiji lilimlisha vizuri.

Sasa nieleze nilivyoua.

Kamanda Mabruki wa walinzi alikuwa akija chumba cha saa kila anapomtaka mtu afe. Alitaka dakika. Alikuwa amejifunza kidogo, na elimu kidogo mikononi mwa mtu mkatili ni kisu kisicho na mpini: burji hii ikichomoza fulani ana hatia, basi niandike dakika hiyo. Mara ya kwanza nilikataa, akanishika kisogo akaniingiza kichwa kwenye karai. Bakuli lilielea mbele ya macho yangu chini ya maji, na nikaliona tundu lake kwa chini, nuru ndogo inayoingia. Mara ya pili niliandika alichotaka. Mwanamke mmoja, mfuma mikeka, alinyongwa kwa mwandiko wangu. Mara ya tatu alikuja na jina jingine, akacheka, akasema, "Leo sikuzamishi, umeshakuwa mtu mzima." Alinigeuzia mgongo kunawa mikono kwenye karai langu. Nilichukua nyundo ya kengele.

Nilimpiga saba. Pigo la kwanza lilimfanya apige magoti, akaniangalia kwa mshangao wa mtu aliyeng'atwa na kiti chake. La pili lilivunja kitu ambacho nilidhani ni kigumu zaidi. Mengine sikuhitaji, lakini mkono ulikuwa na hesabu yake. Alianguka ndani ya karai na maji yakamwagika, bakuli likapinduka, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi saa ya jiji ikasimama. Niliogopa hilo kuliko maiti. Nikaona kwa kivuli cha mlango kwamba ni saa saba, nikapiga kengele saba kwa nyundo ileile, na damu ikarukia shaba. Jiji likasikia, likaenda kula.

Shaame, mdogo wangu, alikuwa akiniletea chakula kila siku saa saba. Aliingia na bakuli la wali na maharage. Aliangalia sakafu, akaniangalia mimi, akaweka chakula dirishani kwa uangalifu, kisha akanivua nyundo kidole kimoja kimoja.

"Dada, nenda kanawe," alisema.

"Shaame..."

"Kanawe kwanza. Tutaongea."

Nilikwenda kisimani. Niliporudi walinzi walikuwa wamemkalia mgongoni na nyundo iko mkononi mwake, na wali wangu umemwagwa ukutani. Hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Niliogopa. Natamani ningekuwa na neno kubwa kuliko hilo, lakini hilo ndilo lililokuwepo, na lilinijaa mpaka mdomoni.

Siku tatu baadaye walimleta uwanjani. Walikuwa wamemvunja kidole gumba cha kila mkono na kumfunga kwenye nguzo ya mawe. Mkuu alikaa kwenye kiti chake kirefu, sikio lake la kulia fupi kama la umati. Yeye alimaliza swali lake siku aliyotawazwa. Aliuliza atatawala mpaka lini, na wanajimu wote wawili wakajibu jambo ambalo halikutangazwa. Tangu hapo amekuwa akitumia maswali ya wengine. Amewaulizisha watu wake wote, familia kwa familia, mpaka ukitazama umati uwanjani unaona masikio yaliyopunguzwa tu, safu kwa safu. Lakini kuna jambo moja hata yeye halipindui: swali lazima liulizwe na mtu linayemuuma. Wanajimu wawili, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya joto la chai, wanakubaliana hapo. Anayeuliza kwa mchezo, anga humgeuzia uso.

"Mashavu," Mkuu alisema. "Huyu ni ndugu yako. Wewe utauliza."

Sheria yenyewe ni fupi. Wakisema ndiyo wote wawili, mtu anakufa. Wakisema hapana wote wawili, anafunguliwa. Wakitofautiana, anachapwa bakora ishirini na nne, moja kwa kila digrii ya tofauti ya anga zao, na swali linatafutiwa mtu mwingine. Na tangu swali liulizwe hadi lieleweke, anayeuliziwa huchapwa bakora moja kila dakika, ili mnajimu asisinzie.

Nilikuwa nimepanga. Mshika saa anajua siri za mafundi wake. Katika elimu ya Maalim, burji inayochomoza ikiwa haijatimiza digrii tatu, swali ni bichi. Mnajimu hukunja karatasi na kusema bado, rudini nyumbani. Niliangalia bakuli langu likizama, nikahesabu, nikangoja mpaka Mizani ilipofika digrii ya pili mashariki. Hapo nikakanyaga mkeka.

"Je, Shaame bin Makame ndiye aliyemuua Kamanda Mabruki?"

Mwenye mkasi alinishika sikio kabla sijafunga mdomo. Sauti ya gegedu likikatwa huisikii kwa nje, unaisikia ndani, kama mtu anayetafuna karibu yako sana. Damu ikaingia kwenye kola. Nikamtazama Maalim, nikimngoja akunje karatasi yake.

Maalim hakukunja. Alikaa na kalamu hewani.

"Nimelisikia," alisema. "Sijalielewa."

Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la mshika saa tu. Wapishi na wafinyanzi wasingelifanya. Nilizoea kuandika dakika ya mdomo. Katika elimu ya Maalim swali halizaliwi linapotoka kwa muulizaji. Huzaliwa pale mnajimu anapolielewa. Niliyajua hayo tangu usichana wangu, niliyasikia mara elfu, na kiburi cha bakuli kikanifanya nidhani wakati ni wangu. Mlinzi akainua bakora. Moja. Maalim akanitazama. Mbili. Ngozi ya mgongo wa Shaame ilipasuka kwenye pigo la tatu. La nne halikutoa sauti ile ile. Maalim alinitazama kwa macho ya mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa haraka, na nilijua anachokisoma: kwa nini mwanamke anayezijua dakika amengoja digrii ya pili? La tano. Shaame alijikojolea. La sita. Nilitaka kupiga kelele elewa, elewa basi, mwanaharamu wee. La saba.

"Nimeelewa," alisema Maalim baada ya la nane, kwa upole, na akaandika. Dakika nane, digrii mbili. Mizani ilikuwa imefika digrii ya nne. Swali lilikuwa limeiva, na nililiivisha kwa mgongo wa mdogo wangu.

Bi Revati hakuniuliza saa hata kidogo. Aliweka kidole chini ya pua yake kupima pumzi inapita tundu lipi. Alinitazama miguu, akatazama nilivyosimama na upande niliogeukia.

"Binti," alisema, "nitajie namba. Kuanzia moja mpaka mia moja na nane. Usifikiri."

"Saba," nikasema. Sikufikiri. Mkono ulikuwa umefikiri kwa niaba yangu siku tatu kabla.

Hapo nikaona umbo zima la ujinga wangu. Mmoja alilichukua swali kutoka kwenye kuelewa kwake, mwingine akalichukua kutoka kwenye mwili wangu, na saa yangu ya shaba imekaa katikati, ikinywa maji. Kwa Maalim ramani ya anga, yenye nyumba kumi na mbili, iliinuka na Mizani. Kwa Bi Revati, ambaye kila burji huipa namba tisa, namba saba iliinua Hamali, upande wa pili kabisa wa duara. Wakainama kila mmoja juu ya karatasi yake, na nikasikia inzi kwenye mgongo wa Shaame.

"Ndugu ni nyumba ya tatu," Maalim alisema. "Mwenye nyumba hiyo ni sayari ya Mushtari, na amekaa ya kumi na mbili, nyumba ya wafungwa. Amefungwa. Hakuua. Jibu langu ni hapana."

"Kwangu mwenye nyumba ya tatu ni Utaridi," Bi Revati alisema. "Ni mjumbe tu, amebeba mzigo wa mwingine. Hapana."

Umati ulivuta pumzi. Hawakuwahi kusikia hapana mbili. Nikacheka kwa sauti, damu shingoni, nikaanza kumwendea Shaame nimfungue kwa meno ikibidi.

"Ngoja," alisema Mkuu. "Mmeona zaidi. Nyuso zenu zinasema mmeona zaidi."

Walikuwa wameona. Nilisoma karatasi zao kichwachini kwa miaka kumi na tano, siwezi kudanganywa. Katika Mizani ya Maalim, Zuhura ndiye mwenye nyumba ya kwanza, yaani mimi muulizaji, na Zuhura huyohuyo ndiye mwenye nyumba ya nane, nyumba ya mauti. Katika Hamali ya Bi Revati, Mirihi ndiye mwenye ya kwanza, na Mirihi huyohuyo ana ya nane. Sayari tofauti, anga tofauti, na zote mbili zinaninyooshea kidole kimoja.

"Tumejibu tulichoulizwa," alisema Bi Revati.

"Basi tutauliza kingine." Mkuu aliegemea kiti. "Kijana ana swali lake bado. Mleteni mkekani. Aulize ni nani aliyemuua Kamanda. Linamuuma, nadhani, kuliko mtu yeyote hapa."

Walimfungua wakamburuta. Hakuweza kusimama, wakamshika makwapa, vidole vyake vyeusi vikining'inia. Aliniangalia kwa muda. Shaame alikuwa akijua jibu tangu saa saba ya siku ile. Alijua pia kwamba akiliuliza swali hilo, kwa uchungu ule, anga hazitatofautiana. Akalamba midomo.

"Uliza!" mlinzi alimpiga rungu la goti. Nikasikia goti.

"Je," Shaame alisema, "dada yangu amekula?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha hakuna aliyecheka. Mkasi ukapita kwenye sikio lake. Mkuu alisimama, uso umemvimba, lakini swali lilikuwa limetoka mkekani, na mkeka ni mkeka.

Maalim alilielewa mara moja. "Dada ni nyumba ya tatu," alisema, "na chakula chake ni ya pili kutoka hapo. Nyumba ni tupu. Hajala."

"Muulizaji amelamba midomo mikavu kwa ajili ya mtu mwingine," alisema Bi Revati. "Hajala."

Wamekubaliana tena. Likikubaliwa hutekelezwa, na asiyekula hulishwa. Walinzi wenye damu viganjani wakaleta bakuli la wali na maharage wakaliweka mbele yangu, na mmoja wao, sijui kwa nini, akanipangusia kijiko kwenye shati lake. Kisha wakamgeukia Shaame na marungu. Aliyemaliza swali lake hana tena kitu ambacho Mkuu anakihitaji, na mtu wa namna hiyo huweza kupigwa bila sababu.

Nilitia tonge mdomoni. Lilikuwa la moto. Nilimeza na nikasikia mbavu. Nikatia la pili, na huo woga uliokuwa umenijaa mpaka mdomoni nikaona hauna tena pa kukaa, wali umechukua nafasi yake.

"Ni mimi!" nikapiga kelele, punje zikitoka. "Mwacheni! Mimi ndiye niliyemuua! Kwa nyundo, mara saba!"

Marungu yalisimama. Mkuu akanitazama, akatabasamu polepole, na akasema kitu ambacho mama zetu hutuambia jikoni tukidakia maneno ya wakubwa.

"Nani kakuuliza?"

Kweli. Jibu lisilo na swali ni upepo. Nilizunguka na kutazama uwanja, nikitafuta sikio moja zima, sikio la mtu yeyote. Wanaume waliziba masikio yao mafupi. Bi Revati aligusa lake. Lilikatwa akiwa kijana, alipomuulizia mume aliyepotea vitani, na jibu alilibeba mpaka leo. Rungu likainuka tena. Shaame hakuwa akilia, alikuwa akitoa sauti ndogo tu kila anapotoa pumzi, kama mtu anayehesabu.

Maalim Zaidi aliweka kalamu chini. Akainua mikono na kuanza kufungua kilemba.

Umati uliona kabla yangu. "Hapana, Maalim!" mtu alilia. "Maalim, hilo letu! Hilo la watu waliokufa!" Mwanamke mmoja wa mtaa wa Nyota na mwanamume mmoja wa mtaa wa Majira, ambao labda waliwahi kuchomeana nyumba, walimkimbilia pamoja kumzuia. Kitambaa kiliendelea kufunguka, dhiraa baada ya dhiraa, mpaka sikio likatokea, dogo, jeupe kwa kukosa jua, sikio la mtoto kwenye kichwa cha mzee.

"Bi Revati," alisema, "tutakufa bila kujua nani kati yetu alikuwa sahihi."

"Nimekwisha kuzoea, Maalim," alisema Bi Revati. "Kanyaga."

Alikanyaga mkeka. Alinigeukia. Hakutazama karatasi wala anga.

"Mashavu binti Makame, ni wewe uliyemuua Kamanda Mabruki?"

"Ni mimi."

Hakungoja kuelewa. Bi Revati hakutaka namba. Nikajikuta nikitazama karai langu kwa mazoea: bakuli lilikuwa limezama zamani, na hakuna aliyelielesha, na jibu lilikuwa limetoka bila dakika.

Waliniacha nisimame peke yangu wakati wakimkata Maalim sikio. Umati ulimtemea mate. Kisha wakamwachia Shaame, akaanguka ubavuni, anapumua, na walinzi wakaanza kunijia mimi, bila haraka, wakibadilisha mkono wa rungu. Nilipiga magoti kabla hawajafika. Nikalisukuma bakuli la wali mpaka usoni kwa Shaame.

"Nimekula, mdogo wangu," nikamwambia. "Malizia wewe."